DADU IJUMAA 🎲 (Barabara ya 13)

*Zuhura 19:02*
Jamani Ijumaa hiyoo inakuja na lile zimwi la mchezo wetu wa D&D, huu wa kuigiza mashujaa kwa dadu, tumeliacha katikati, tumalize ubishi hapa hapa tusipoteze usiku mzima kama juzi. Pigo la kuvizia la Athumani, lile la kuongeza dadu za madhara, NIMELIKATAA, mie ndiye mwendesha mchezo. Alishavizia kwenye zamu yake, raundi ile ile, yaani kabla wote hatujamaliza zamu zetu, hawezi tena

*Zuhura 19:20*
Naona tiki za bluu tu

*Zuhura 19:41*
Haya, kimya ni kukubali

*Athumani 19:43*
Kukubali wapi wewe. Kitabu cha D&D cha 2014 kinasema mara moja kwa ZAMU, raundi haijatajwa, na cha 2024 hapo hawajagusa. Zamu yangu ikaisha, zimwi likakimbia kwenye zamu yake, mie nikatumia riaksheni, lile tendo la kujibu nje ya zamu yangu, nikalichoma jambia linapotoka. Hiyo zamu nyingine. Levo 5 dadu tatu za ziada, nazitaka

*Tatu 19:44*
Lilikuwa linakimbia soksi zako 😂😂

*Zuhura 19:45*
Tatu tuko siriasi. Kwa hiyo Athumani sekunde 6 za raundi moja unavizia mara mbili?

*Athumani 19:47*
Mara mbili ndio mwisho, riaksheni ni moja mpaka zamu yangu irudi

*Zuhura 19:52*
Haya tuseme zamu. Ila ukiwa huna faida kwenye kurusha, yaani dadu mbili unachukua kubwa, lazima mwenzako awe ndani ya futi 5 na zimwi, nani alikuwepo?

*Athumani 19:53*
Salim. Na lile pigo linapigwa kabla halijatoka, kwa hiyo bado lilikuwa ubavuni kwake

*Zuhura 19:53*
Salim alikuwa kazimia damu sifuri!! Aliyezimia hahesabiwi

*Tatu 19:54*
Salim hata kwenye mchezo analala kama harusi ya Da Mwana 😭

*Athumani 19:55*
Rajabu alikuwa keshamnywesha dawa

*Zuhura 19:55*
Alimnywesha BAADA

*Athumani 19:56*
Kabla. Muulize mwenyewe

*Rajabu 20:31*
Msiniingize. Mie tangu mchawi wangu auliwe nawanywesheni dawa tu na kurudi nyumbani. Ngao, ule uchawi wa kujikinga, unaitumia ukishapatwa, ndivyo ilivyoandikwa, unaongeza ulinzi 5 pigo linakosa, nami nilisema Ngao pale pale Zuhura ukanambia nimechelewa eti umeshashika dadu za madhara. Umeshika! Hata hujarusha

*Zuhura 20:33*
Rajabu hiyo ya Idi jamani

*Rajabu 20:33*
Nilimlea tangu levo 1

*Tatu 20:34*
Arobaini yake pilau lililiwa wapi mbona sikualikwa

*Zuhura 20:35*
Tatu nakutoa kwenye kikundi. Mihogo analeta nani? Na mkaa?

*Mjomba Bakari 20:58*
Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Zuhura, zimwi unacheza wewe na hukumu unatoa wewe. Sisi hapa kwangu kwenye bao watu wakibishana nyumba ilale au isafiri, wachezaji wote wawili wananyamaza, wanasema waliokaa pembeni. Rajabu toka Idi hanisalimii vizuri, nikadhani anaumwa. Mpigie simu. Usimwandikie.

*Athumani 21:00*
Waalaykum salaam mjomba, shikamoo

*Tatu 21:01*
Shikamoo mjomba 🙏

*Zuhura 21:06*
Shikamoo mjomba. Nimesikia

*Zuhura 21:49*
Basi Ijumaa baada ya isha kibarazani kwa mjomba akituruhusu. La Athumani waamue Tatu na Rajabu, mie simo. Mihogo bado hamjanijibu

*Tatu 21:50*
Bei ya hukumu yangu zege moja la chipsi mayai

*Athumani 21:50*
Inalipwa

*Zuhura 21:51*
Ndo maana nilikuwa naamua mwenyewe

*Rajabu 22:17*
Kanipigia. Sijasema nakuja lakini

*Salim 23:52*
Ndo natoka kazini jamani meseji zote hizi. Dawa nilinyweshwa kabla, Athumani yuko sahihi, ila niliamka sijainuka, nilikuwa bado nimelala chifudifudi macho nimefumbua. Hiyo nayo inahesabiwa? Mihogo siwezi, labda mkaa