Harold Wilson: kipi kiwekwe kwenye hesabu yake?

Mdadisi: Wakuu, heshima kwenu. Wilson, Waziri Mkuu wa Uingereza wa 1964–70 na 1974–76, aliongoza chama cha Labour katika chaguzi kuu tano akashinda nne, lakini kwa miaka mingi amesemwa kama mjanja asiye na msimamo. Siku hizi naona anasafishwa jina, hasa kwa mageuzi ya kijamii ya miaka ya 1960. Ni haki? Na kushuka kwa thamani ya pauni je?

Urari: Mkuu, kwenye pauni kosa ni kuchelewa. Oktoba 1964 alirithi nakisi ya malipo ya nje ya karibu pauni milioni 800. Dawa ilikuwa kushusha thamani ya pauni pale pale na lawama ziwaangukie Conservative waliotoka madarakani. Akakataa, maana Labour ilishaishusha pauni 1949 na aliogopa chama kibandikwe jina hilo. Wakaishi kwa mikopo ya nje na riba ya juu, Julai 1966 wakabana matumizi, na Mpango wa Taifa, mpango wake wa uchumi uliolenga ukuaji wa asilimia 25 kufikia 1970 ukafa hapo. Tarehe 18 Novemba 1967 pauni ikashuka kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Yaani wananchi walibanwa kwanza ili isishuke, kisha ikashuka, wakabanwa tena ili mauzo ya nje yapate nafasi. Kesho yake akawaambia kwenye televisheni kwamba pauni ya mfukoni mwao haijapungua, wakati bidhaa za nje zilikuwa lazima zipande. Hapo ndipo imani ilipovunjika.

Kanuni za Bunge: Mageuzi tuyatenganishe. Kufuta adhabu ya kifo kwa mauaji (1965) ilikuwa hoja ya Sydney Silverman, kuruhusu utoaji mimba (1967) ya David Steel wa chama cha Liberal, kuacha kuhesabu ushoga kuwa jinai (1967) ya Leo Abse. Zote ni miswada ya wabunge binafsi, si ya serikali, na miswada ya aina hiyo mara nyingi hufa kwa kukosa muda bungeni. Serikali ilitoa muda, na kwa ile miwili ya 1967 msukumo ulitoka kwa Roy Jenkins, Waziri wa Mambo ya Ndani. Sifa ya Wilson ni kumteua na kutomzuia. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza (Open University) ndicho chake hasa: alilitoa wazo 1963, akamkabidhi waziri wake Jennie Lee, na 1971 wanafunzi wakaanza bila kudaiwa vyeti vya kuingilia.

Mizani: Naongeza kwamba alimnyima Rais Johnson wa Marekani askari wa vita vya Vietnam, na hilo ni kubwa. Ila kama kutoa muda bungeni ni sifa, basi tuhesabu na Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya 1968. Huo ulikuwa muswada wa serikali yenyewe, ukapitishwa kwa siku chache tu ili kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti halali za Uingereza, kwa kuwa mzazi au babu hakuzaliwa kule. Halafu Chagos, visiwa vya Bahari ya Hindi: Novemba 1965 vilimegwa kutoka Mauritius kabla ya uhuru wake, ili Marekani ipate kambi ya kijeshi. Wakazi wakaondolewa, na hakuna aliyewauliza.