Majina ya wageni wa Wales yananitoa jasho, yanatamkwaje?

Dereva_Amboni: Wakuu habari za jioni, mimi natembeza wageni hapa Tanga, Jumamosi nina watu kutoka Wales tunaenda mapango ya Amboni na nimetumiwa listi nimeshika kichwa. Llinos, Dafydd, Siân, Rhys, Gwyn. Mara ya mwisho niliita jina mbele ya hoteli watu wakatazamana tu, hakuna aliyeitika, aibu ile sitaki tena. Hizo L mbili zinasomwaje?

Bint_Chumbageni: Kaka usihangaike, sauti nyingi tunazo. DD ni dh ya dhahabu, F moja ni v (FF ndo f yetu), kwahiyo Dafydd ni Davidh. Siân ni Shaan, Rhys ni Riis, Gwyn ni Gwin. Hiyo Y kwenye silabi ya mwisho ni i, ikija mapema inafifia kama a ya mtu mwenye usingizi, ndo maana nchi yao wanaiandika Cymru ila unasikia kitu kama Kamri. CH ni kh ya kheri. W nayo inakuwa irabu, bws ni basi, soma "bus". Na mkazo karibu kila neno unakaa silabi ya pili toka mwisho kama kwetu, mji wa Swansea wenyewe wanauita Abertawe, utadhani uko njia ya Pangani 😂

mzee_kibaraza: Sasa wale wanaosema zahabu na zambi si watamwita Davizi?

Dereva_Amboni: Mzee hapo umenigusa mwenyewe 😂 Na Llinos je?

mzee_kibaraza: LL ni herufi moja kwao. Weka ulimi kama unasema l, usitoe sauti, puliza hewa ipite pembeni mwa ulimi. Usiseme "shl" wala "kl", wengi wanaharibu hapo. Kama una rafiki Mmbulu mwambie aseme ng'ombe kwa kikwao, slee, hiyo sl yao ndo yenyewe. Nimefanya kazi Mbulu miaka nane naijua.

Dereva_Amboni: Shukrani sana mzee wangu, na dada pia. Fundi gereji hapa jirani ni Mmbulu, nimemfata kanisemesha ng'ombe mara kumi, nimerudi nyumbani napuliza "Lli, Lli" mama mkwe kaniletea maji akijua nimepaliwa.

Bint_Chumbageni: 😂😂 Jumapili utuambie Llinos kaitika au la