Njia nane Kimara–Kibaha: upana tumepewa, foleni imesogezwa tu, na mwenda kwa miguu kasahaulika

Wakuu,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Barabara hii ya Morogoro, kipande cha kutoka Kimara, Dar es Salaam, mpaka Kibaha, Pwani, ikitajwa tu, mtu anakurukia: "Si mmejengewa njia nane? Mnataka nini tena?" Kama vile idadi ya njia ndiyo inayofunga mjadala.

Kilomita 19.2, Kimara Mwisho mpaka Kibaha. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2018, fedha za ndani, bilioni 140 na ushee kwa hesabu za mwanzo, pamoja na kazi ya madaraja ya Kibamba, Kiluvya na Mpiji. Lami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni ncha zake mbili, na watu wanaokaa kandokando yake.

Anza na ncha ya Kimara. Kipande cha Kimara mpaka Ubungo kilijengwa pamoja na awamu ya kwanza ya mwendokasi, ile iliyoanza kubeba abiria Mei 2016. Katikati mabasi, pembeni njia mbili kwa kila upande kwa magari mengine yote: lori, daladala, bodaboda, gari la mgonjwa. Njia nane zikafunguliwa huku kipande hicho kikiwa vilevile. Sasa piga hesabu ya mfano. Njia tatu za upande mmoja (nane ni tatu kila upande, na mbili za katikati za mwendokasi) zinaleta magari 1,500 kila moja kwa saa, jumla 4,500. Njia moja ya lami, siku ikiwa nzuri na hakuna lori linalojikongoja, inapitisha kama 1,800. Njia mbili ni 3,600. Yamebaki magari 900 yasiyo na pa kwenda. Kila gari kwenye foleni, pamoja na nafasi ya mbele yake, linakula mita 7 hivi. Hiyo ni mita 6,300, gawa kwa njia tatu, unapata foleni ya zaidi ya kilomita 2 ndani ya saa moja tu ya asubuhi. Na saa ya pili inaongezea juu ya ya kwanza. Hakuna askari wa usalama barabarani anayeweza kuifuta hesabu hiyo kwa mkono. Anachoweza ni kuchagua nani asubiri.

Ncha ya Kibaha ni hayohayo kwa jioni na sikukuu. Barabara ikitoka mjini kuelekea Chalinze inarudi kuwa ya kupishana, na hii ndiyo njia ya malori ya Zambia na Kongo. Gari la tani 56, ambalo ndilo la juu kabisa kisheria, likianza kuondoka kutoka kusimama, nyuma yake kila mtu anaondoka kwa mwendo wake. Barabara ya kulipia ya Kibaha–Chalinze–Morogoro tunaisikia kwenye mipango. Mpango haupitishi gari.

Turudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo panapouma. Mwaka 2017 nyumba za kuanzia Kimara Stop Over mpaka Kiluvya zilipigwa X na kubomolewa kwa sababu ziko ndani ya hifadhi ya barabara: mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Msingi uliotajwa ni sheria ya mwaka 1932, ya mkoloni. Sheria ya Barabara ya 2007 kwa barabara kuu nyingine inazungumzia mita 30 kila upande. Watu walijenga, wakalipa kodi ya majengo, wakaunganishiwa umeme na maji, halafu wakaambiwa ni wavamizi na fidia hakuna.

Sawa, tuseme mmetwaa. Mita 121.5 mara mbili ni mita 243. Njia moja ni mita 3.5, kwa hiyo njia nane ni mita 28. Ongeza ukingo wa katikati, mabega na mitaro, fanya 60. Zaidi ya mita 180 zimebaki! Kwa hiyo mtu asije hapa na kisingizio cha "nafasi hakuna". Nafasi ilipatikana kwa machozi ya watu. Ilitakiwa itoe barabara za huduma pande zote mbili, zisizokatika kutoka Kimara mpaka Kibaha, ili bodaboda, bajaji na gari linalotoka mtaani Temboni, Kwa Msuguri au Luguruni lisilazimike kuingia kwenye barabara kuu kwa kuchomoka. Barabara ya mwendo wa haraka inafanywa na sehemu chache za kuingilia. Ukiruhusu kila mtaa umwage magari yake moja kwa moja, umepanua barabara ya mtaa, basi.

Vituo vya daladala navyo. Simama kituoni dakika kumi utazame. Daladala ya kwanza haiingii mpaka ndani, inasimama mdomoni pa kutokea ili iwahi kuchomoka. Ya pili inajibana nyuma yake, ya tatu inabaki mkia nje. Njia ya kushoto imekufa. Walio nyuma wanahamia ya kati, ya kati inabana ya kulia. Dawa yake ni kituo chenye urefu wa mabasi manne au matano, kilichotengwa kwa ukingo wa zege, chenye pa kuingilia na pa kutokea mbalimbali.

Na Mbezi Mwisho ndiyo mama lao. Barabara ya Goba inaingia hapo, ya Malambamawili na Kinyerezi inaingia hapo, na tangu Februari 2021 kituo cha mabasi ya mikoani kipo hapohapo Mbezi Luis. Mabasi ya nchi nzima yanakata njia kuvuka mkondo wa wanaokwenda kazini.

Nimeacha la wavukaji mwisho kwa sababu hilo ni la roho za watu. Njia tatu za upande mmoja ni mita 10.5. Mtu mzima anatembea mita 1.2 kwa sekunde, anahitaji karibu sekunde 9. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde, yaani ndani ya sekunde hizo limekata mita 200. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi anatakiwa akadirie mita 200 usiku, taa zinammulika usoni? Zebra tupu kwenye njia tatu ni mtego. Daladala ya kushoto inasimama kwa adabu, mtu anaanza kuvuka akiwa amefunikwa na ubavu wake, dereva wa njia ya kulia anamwona akiwa mita tano mbele. Huyo dereva wa kilomita 80 kwa saa, tangu amwone mpaka gari lisimame, anahitaji mita 50 na kitu hata kwenye lami kavu.

NYONGEZA, namjibu mkuu wa #7 anayesema watu ni wakaidi, hata daraja la juu wakijengewa hawapandi: hawapandi kwa sababu linajengwa ngazi tupu. Sakafu ya daraja ipo juu kama mita 6.5. Mteremko wa kumfaa mwenye baiskeli, kiti cha magurudumu au mkokoteni ni mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kupanda, yaani mita 78 kila upande. Pa kuziweka papo, tumeshahesabu hapo juu. Kisha uzio katikati ya barabara, mita 100 kila upande wa daraja, na kituo cha daladala kiwe mguuni pa ngazi, sio mita 300 mbele. Pasipowezekana daraja, ziwekwe taa za kubonyeza, mstari wa kusimamia magari urudishwe nyuma mita 10 kutoka kwenye zebra, na katikati pawe na kisiwa ambapo mtu anavuka kwa awamu mbili.

Mkuu wa #11 anayeomba matuta: ndiyo, matuta yanapunguza mwendo. Lakini tuta kwenye njia ya malori linavunja lami kabla na baada yake, na usiku bila alama linasababisha ajali nyingine. Usiombe tuta, omba taa na uzio.

Mwenye picha za zebra za Kibamba na Kiluvya usiku aziweke hapa, na aandike jina la kituo na saa.