Dereva wa mchana na usiku achukue lenzi gani? Majina ni mengi pesa ni kidogo

DereMalindiRodi
Wadau habari zenu. Mimi ni dere, napiga ruti ya Mombasa-Malindi, natoka alfajiri na mara nyingi narudi giza lishaingia. Juzi nimepimwa macho nkaambiwa la kulia ni minasi 3.75 (yaani mbali sioni vizuri), la kushoto minasi 3.25 na silinda kidogo, yaani jicho halijaviringana sawasawa. Sasa pale dukani dada ananitajia vitu hata sivishiki, mara antiglea, mara blukati, mara fotokromiki, mara tinti, na kila jina lina bei yake juu ya bei ya lenzi. Shida zangu ni mbili tu. Jioni nikirudi mjini jua linanipiga usoni hadi sioni lami, na usiku taa za malori zinatawanyika kila mahali. Nishike ipi niache ipi?

FundiLenzi_Makupa
Kaka pole na barabara. Kazi yangu ni kukata na kufunga lenzi, kwa hivo ntakwambia vile ningemwambia ndugu yangu. Usitafute lenzi moja ifanye kazi zote mbili, haipo. Chukua miwani nyeupe yenye antiglea ndo uwe nayo usiku na kila siku, halafu ukipata pesa tengeneza ya pili ya jua kwa vipimo vyako hivohivo.

Antiglea ni utando (kotingi) wa kuzuia mwanga kurudi kwa lenzi, si urembo. Lenzi ya plastiki ya kawaida, ile tunaita CR-39, inarudisha karibu asilimia 8 ya mwanga ukijumlisha mbele na nyuma, na ukienda kwa zile nyembamba za 1.67 (namba ya vile lenzi inavyopinda mwanga, ikipanda lenzi yawa nyembamba) inapanda hadi kama 12, yaani kadiri lenzi inavyokuwa nyembamba ndo inavyohitaji kotingi zaidi. Mwanga huo unaorudi ndo unakuletea vivuli vya taa, pamoja na taa za gari lililo nyuma yako zinazogonga lenzi kwa ndani. Kotingi nzuri inaushusha chini ya asilimia 1 au 2 hivi. Ila usitarajie muujiza, taa zikikumulika machoni moja kwa moja zitakumulika tu, na hiyo silinda yako isiporekebishwa sawasawa taa zitaendelea kutawanyika hata uweke kotingi ya dhahabu.

Kwa namba zako 1.60 yatosha, usiuziwe 1.74. Cha maana zaidi ni fremu. Minasi hunenepa pembeni, kwa hivo chukua fremu ndogo ya duara duara, mboni ikae katikati. Mtu huchukua fremu kubwa kama sahani halafu analaumu lenzi.

Blukati, ile ya kupunguza mwanga wa bluu, acha. Watafiti wa Cochrane walipitia majaribio yake 2023 wakaona haielekei kupunguza uchovu wa macho kwa wanaokaa kwa kompyuta, na wewe hata kompyuta huna hapo kwa usukani 😂

MamaShani_OldTown
Na fotokromiki, ile inayojigeuza nyeusi juani, kaka usiiweke kwa gari, nakwambia mapema. Yangu nikitoka nje inakuwa nyeusi lakini ndani ya gari inabaki hivohivo tu, niliuliza nkaambiwa kioo cha mbele kinazuia miale ya UV na hiyo miale ndo inaiamsha. Halafu joto letu hili pia laichelewesha, ilikuwa nyeusi zaidi nlipokuwa Limuru kwa baridi kuliko hapa na jua lote hili. Kwa mtu wa kutembea tembea ni nzuri, mimi siiachi.

NahodhaWaShimoni
Ya jua chukua polaraizi shekhe, ile inayokata mng'ao. Sisi huku baharini bila hiyo huoni mwamba, mng'ao wa maji wakuziba kabisa, ukivaa tu waona hadi chini. Na lami ikilowa ni hivohivo, ule mwanga unaolala juu ya maji unakatika. Baya lake moja, skrini nyengine zaonekana nyeusi ukiziangalia kwa pembe fulani, mimi GPS ya boti huibidi kuinamisha kichwa.

Kijana_Bamburi
Mbona hujaambiwa zile za manjano za usiku? Zauzwa kila mahali, makondakta wengi wanazo

FundiLenzi_Makupa
Hapana bro, usiku una mwanga kidogo na ile manjano yaupunguza tena, mtu anahisi anaona vizuri kumbe yule mwenye nguo nyeusi kando ya barabara anamkosa. Tinti ya aina yoyote iwe ya mchana.

Dere, Nahodha yuko sawa. Weka polaraizi ya kijivu au kahawia, giza la daraja la 3, inayopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga. Daraja la 4 ni jeusi mno, haliruhusiwi kwa kuendesha. Na bei ikikushinda twaweza kuchovya CR-39 kwa rangi ya moto, ni rahisi zaidi, lakini hakikisha ina kinga ya UV400, ile inayozuia miale ya UV, manake giza bila kinga ni mbaya, mboni hufunguka na miale yaingia.

DereMalindiRodi
Shukran sana wote, sasa naelewa. Lakini ntajuaje dukani kwamba kweli nimewekewa antiglea na polaraizi, nisije nkalipia maneno?

FundiLenzi_Makupa
Simama chini ya taa uangalie kivuli chake kwa lenzi. Kikiwa cheupe na chawaka, hakuna kotingi. Kikiwa hafifu cha kijani au zambarau, ipo. Polaraizi washa simu, izungushe polepole mbele ya lenzi, simu nyingi skrini itafifia au izime kabisa mahali fulani, na kama duka lina pea nyengine ya polaraizi zipishane mbili kwa pembe mraba, lazima pawe giza. Fanya hivo kabla hujamalizia salio. Na ukishazichukua usiziache juu ya dashibodi mchana, kotingi huingia nyufa nyufa kwa joto, wala usifute kwa shati kavu ikiwa na chumvi na mchanga, suuza maji kwanza.