Kocha ametufutia sitapu: sawa au si sawa?

Mwenyekiti wa Zoezi
Wadau, habari za asubuhi. Kundi letu la mazoezi la Jumamosi hapa Umoja, Nairobi, limepata kocha mpya, na siku ya kwanza tu kafuta sitapu, lile zoezi la kulala chali na kuinua kiwiliwili. Anasema zinaumiza mgongo, hazipunguzi kitambi, na angekuwa na uwezo angezifuta hata shuleni. Nusu ya kundi imenuna. Sisi tumekulia sitapu: mwalimu kashika saa, mwenzako kakukalia miguu. Ziondolewe au zibaki?

Baba Tatu
Zibaki! Sitapu mia kila asubuhi na kitambi kinakwisha, hakuna siri. Watu wanapenda njia za mkato, kama hao akina mama wakishajifungua wanajifunga leso tumboni kama mzigo wa kuni. Ushamba mtupu.

Kijana wa Kayole
Mzee, kama ni mia kila asubuhi, hicho kitambi kwenye picha yako umemshikia nani?

Fundi wa Jimu
Kocha yuko sawa. Msuli wa mbele, ule wa vipande sita, unashuka kutoka mbavuni hadi mfupa wa kinena na kazi yake ni kukunja kiwiliwili. Ubavuni kuna ya mshazari, wa nje na wa ndani, nyuzi zimepishana kama ukili. Chini ya hiyo yote kuna wa mkingamo, umezunguka kiuno kama mshipi. Sasa mafuta ya kitambi mengine yako juu ya misuli hiyo, mengine ndani kabisa kuzunguka matumbo. Ukunje msuli mara mia, mafuta hayana habari.

Halafu ukishainuka kama nusu, kazi inahamia kwenye misuli ya nyonga, inayoanzia pingili za kiuno na kushikilia kwenye paja. Hiyo ndiyo inayovuta mgongo, hasa ukikaliwa miguu. Stuart McGill, mtafiti wa mgongo wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walikunja pingili za nguruwe kwenye mashine maelfu ya mara mpaka diski, ile mito iliyo kati ya pingili, zikaharibika.

Baba Tatu
Nguruwe! Mgongo wangu mimi, baba wa watoto watatu, umepimwa kwa nguruwe aliyekwisha kuchinjwa? Na aliyekufa anapumzika saa ngapi? Mimi nikimaliza mia nakunywa chai.

Msomaji wa Pipeline
Hapo kwa kupumzika kasema kweli, mgongo wa mtu hai hupumzika, wa mashine haupumziki; tumpe haki yake. Lakini hata jeshi la nchi kavu la Marekani liliacha sitapu, nadhani 2019.

Fundi wa Jimu
Mtihani wa zamani wenye dakika mbili za sitapu ulianza 1980. Uliofuata ulikuwa rasmi Oktoba 2022, na badala ya sitapu wanashikilia planki, yaani kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka.

Bi Mwanaisha, South C
Mimi nimepita tu, nikakuta leso yangu inatukanwa. Wewe Baba Tatu, huo unaouita mzigo wa kuni unaitwa mkaja. Nimejifungua mara nne na kila mara marehemu mama alinilaza chali, akanikanda kwa maji moto, akanifunga kuanzia nyongani kupanda juu. Siku ya posa ulitoa ile zawadi ya mkaja kwa mama mkwe au hukutoa? Ulidhani unalipia nini?

Baba Tatu
Bibi, kwetu tulitoa mbuzi. Sijatukana mila ya mtu, nimesema tu kitambi hakifungwi kamba.

Kijana wa Kayole
Umesema "ushamba mtupu". Tunasoma.

Nesi Mstaafu
Poleni, wote mmekosea kidogo. Mama akijifungua, tumbo linalobaki si mafuta peke yake. Ule msuli wa mbele ni pande mbili, na katikati kuna utepe mweupe wa nyuzi. Mimba inautanua, pande zinaachana. Mkaja unashikilia, mama anasimama na kukohoa bila kuhisi anafumuka, Bi Mwanaisha hajadanganya. Ila leso haiufundishi msuli kazi. Nguvu inarudi kwa kupumua taratibu ukikaza tumbo la chini pamoja na sakafu ya nyonga, ile misuli ya chini inayobana mkojo. Na mama wa wiki ya tatu asikimbilie sitapu.

Msomaji wa Pipeline
Mwangalieni jamaa wa mkokoteni pale Marikiti, magunia ya viazi yamempita kimo. Kabla ya kusukuma anavuta pumzi, anaibana, tumbo linakuwa gumu kama ubao, mgongo haupindi hata kidogo. Miguu inasukuma, kati panatulia tu. Huyo sitapu hajui.

Baba Tatu
Na huyo wa mkokoteni ulimuuliza mgongo unamuuma au haumuumi?

Msomaji wa Pipeline
Unamuuma. Alinijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Bi Mwanaisha, South C
Tusitoroke. Nasubiri radhi.

Nesi Mstaafu
Baba Tatu, na wanaume wenye vitambi utepe huo hutanuka pia. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo tu, halafu bonyeza vidole juu ya kitovu. Vikizama viwili au zaidi, pande zako zimeachana.

Mwenyekiti wa Zoezi
Jamani, swali lilikuwa la sitapu. Kocha naye anasoma hapa.

Baba Tatu
Nimelala sakafuni sebuleni. Vitatu. Mke wangu amenikuta hapo, nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. Anauliza mkaja wa kunifunga mimi unapatikana wapi. Bi Mwanaisha, niwie radhi.

Bi Mwanaisha, South C
Nimekuwia. Leso ninayo, pea nzima. Ila mbuzi sitaki.