Mama anasema nimwache aende, nifanyeje?

DadaKondele: Jamani mamangu ana kansa ya koo, uji anameza kijiko kimoja na machozi, jana amenishika mkono akasema nimwache aende. Nasikia Uholanzi daktari anaruhusiwa kumsaidia mgonjwa kufa tangu 2002, kwetu Kenya je?

NesiNakuru: Pole sana dadangu. Kwetu kumsaidia mtu kujiua unaweza fungwa maisha, kifungu 225 cha sheria ya makosa ya jinai. Lakini je, anapewa morfini ya maji, ile dawa kali ya maumivu? Wengi niliouguza walikuwa wamechoka na maumivu, si na maisha, ulizia hospisi haraka, pale wanapotuliza maumivu ya wagonjwa kama yeye.

MzeeKakamega: Hiyo sheria ya Uholanzi isije huku, maskini atakubali kufa ndio watoto wasiuze shamba.

DadaKondele: Morfini hatujawahi pewa, ni Panadol tu. Kesho asubuhi naenda kuuliza.