Tezo ya chuma ina mwaka 1355, ni ya zama gani? Msaada wa haraka

Kijukuu_Wete: Assalam aleikum wadau. Nna tezo ya marehemu babu, ilikuwa darini kwetu Wete. Ubavuni imechongwa maandishi ya Kiarabu na mwaka ١٣٥٥. Yaani 1355! Ina miaka zaidi ya 600 au? Nataka kujua thamani yake upesi, kuna mtu ananisubiri.

FundiNungwi: Waaleikum salaam. Tezo haikai darini, kaka. Baba alikuwa nayo, akisawazisha mbao za jahazi mpaka huoni alipopiga. Sasa wana randa za umeme na ubao bado una mawimbi kama bahari ya kusi.

MwalimuWaChuo: Chuoni ulikwenda kucheza? Hiyo Hijria, kalenda ya Kiislamu. Zidisha 1355 kwa 0.97, ongeza 622, unapata 1936. Mwaka huo Sayyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar, alitimiza miaka 25 ya ufalme, maana alikalia kiti 1911. Maandishi yanasemaje?

Kijukuu_Wete: Neno moja linasomeka Khalifa. Lakini akina Khalifa si wengi? Bado naona inaweza kuwa ya kale.

BiShuwari: Mwanangu, hayo mali ya marehemu. Warithi wangapi?

MwalimuWaChuo: Kwanza ubavu wa pili una nini? Na kutu ya ndani ya herufi ni sawa na ya nje? Herufi zikiwa zinang'aa, zimechongwa juzi.

Kijukuu_Wete: Ulikuwa na neno SHEFFIELD. Nimelipiga tupa. Msiniseme, mnunuzi yuko Unguja, kashatoa arubuni, na nilishamwambia ni ya miaka 600. Herufi nazo nilizipitishia msasa zisomeke vizuri. Usafi tu.

PwezaMkavu: Miaka 600 iliyopita Sheffield walikuwa na wakala hapo Wete. Hamjui tu.

MwalimuWaChuo: Subhanallah. Sheffield ni mji wa Uingereza, wa visu na vyombo vya chuma. Tezo ilikuja na meli, Khalifa na mwaka huenda vilichongwa huku kuwa ukumbusho wa ile yubile. Ushahidi wote mzuri umeuondoa kwa mkono wako.

BiShuwari: Arubuni irudishe leo. Shangazi zako wanajua?

Kijukuu_Wete: Wanajua kuwa ipo.

JichoLaBundi: Mnapotezewa muda. Mwezi uliopita huyu huyu alileta panga la "babu wa Konde", maandishi ya Kiarabu, mnunuzi anasubiri. Picha hata moja hatujaona. Ana babu wangapi?

PwezaMkavu: Wawili. Mmoja wa panga, mmoja wa tezo. Mwakani tutazikiwa wa shoka.

Kijukuu_Wete: Wallahi tezo ipo! Panga lilikuwa la rafiki yangu. Picha ntaweka usiku, simu haina chaji.

JichoLaBundi: Ya kuandikia uzi inayo.

FundiNungwi: Mpini wake wa mti gani?

Kijukuu_Wete: Mpini niliubadilisha.